Akitajwa na Doreen, Hana Hatia

Doreen Pickersgill alikuwa na miaka sabini na mmoja, goti moja la bandia, mume mmoja mkimya, na hamu moja tu iliyobaki duniani: kumtaja muuaji kabla kitabu hakijamtaja. Mara moja tu. Hakuomba mbili.

Wenzake wa kijiji cha Skelgarth walikuwa na hamu zao. Mmoja alitaka kwenda Australia kuona wajukuu, mwingine alitaka kitunguu chake kishinde vitunguu vyote vya bondeni kwenye maonyesho ya Agosti. Doreen alikwisha kuzaa, kulea, kustaafu kaunta ya posta na kumuuguza mama mkwe mwenye ulimi wa pilipili, na katika yote hayo alifanya vizuri tu. Kwa muuaji ndipo alipokwama. Miaka arobaini alisoma riwaya za upelelezi, zile za upole, ambamo damu haionekani na maiti hukutwa imelala kistaarabu juu ya zulia, na miaka yote arobaini alikosea. Wala si kukosea kwa bahati mbaya, leo umekosa kesho umepata. Akimshuku daktari, daktari huyo ndiye anayeuawa sura ya sita. Akimshuku mpwa mlevi, mpwa anaacha pombe na kuoa. Akiapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba ni mtunza bustani, basi mtunza bustani anavua kofia na kumbe ni askari kanzu.

Kwenye televisheni ilikuwa vilevile, tena huko aibu ilikuwa na shahidi. Kila Jumapili jioni Mavis Ormerod, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja na bati la biskuti kutazama tamthilia za enzi za zamani: majumba ya vyumba mia, mabibi wa magauni ya hariri wanaoshuka ngazi polepole, na watumishi wanaojua siri zote. Wanawake hao wawili hawakutazama hadithi peke yake. Walitafuta makosa.

"Pale! Pale juu ya paa!" Mavis alipiga kelele. "Antena!"

"Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja, antena!" Doreen alirukia, na goti lake la bandia likalia. "Hawana haya hawa. Na yule msichana wa jikoni kapaka rangi kucha."

Walishangilia kama watu waliofunga bao. Wiki nzima ikawa tamu. Lakini ikifika saa ya kumtafuta mhalifu, Mavis alijinyoosha kitini na kuanza kuringa, kwa sababu Mavis hakukosea hata siku moja.

"Doreen mpenzi, tumia akili," alisema. Kule kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi ni mpenzi. "Yule mtumishi wa mlangoni ni mwigizaji mkubwa, anajulikana hadi Amerika. Wamlete kwa gharama yote ile aje kufungua mlango tu? Ndiye huyo."

"Huo si upelelezi, Mavis. Huo ni uhasibu."

"Uhasibu unaopatia. Wewe unasema nani?"

"Yule shangazi. Kampiga mbwa teke."

Cyril, mume wa Doreen, aliyejenga kuta za mawe maisha yake yote na mwenye maneno kama thelathini kwa siku, alishusha gazeti. "Basi shangazi kapona," alisema, akapandisha gazeti. Na shangazi alipona kweli. Ilikuwa ni mtumishi wa mlangoni.

Iliuma. Nani asiyetaka kuonekana ana akili mbele ya jirani wa ukuta kwa ukuta?

Sasa, riwaya zenyewe Doreen alizipata kwenye gari la maktaba, lililokuja kila Alhamisi ya pili na kusimama kando ya kibanda chekundu cha simu. Tatizo la riwaya hizo, na anayezipenda akubali tu, ni kwamba zinafanana kama njegere za ganda moja. Kila moja ina kijiji, ina kasisi, ina maonyesho ya keki, ina chai yenye kitu ndani, na ina paka kwenye jalada. Ukishazisoma mia mbili huwezi kukumbuka ipi uliisoma na ipi hukuisoma. Ndiyo maana wazee wa Skelgarth, tangu enzi na enzi, walikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeifundisha na hakuna aliyeikiri. Kila mtu alikuwa na alama yake. Mzee Arkwright alitia nukta ndani ya herufi ya kwanza ya sura ya pili. Bibi Hebden alichora msalaba mdogo kwenye jalada la nyuma, chini ya bei. Doreen alipiga kistari cha penseli chini ya namba ya ukurasa wa ishirini na saba, tarehe aliyoolewa. Ukiingia garini unachomoa kitabu, unajifanya unasoma mwanzo wake, kumbe unafunua mahali pako. Ukikuta alama, umeshasoma, rudisha. Usipokuta, chukua nenda nacho. Kuandika kwenye kitabu cha umma ni kosa, bango lilisema hivyo mlangoni, kwa hiyo mambo yote yalifanyika kimya kimya kama wizi.

Halafu akaja dereva mpya, Trevor Gaukroger. Trevor alikuwa mtu mwema, na watu wema wasio na kazi ya kutosha ni hatari. Majira ya baridi yale theluji ilifunga barabara ya mlimani wiki tano. Dereva mwingine angekaa nyumbani akanywa chai. Trevor alijifungia garini na kifutio, akaanza na rafu ya kwanza. Alikuta nukta, misalaba, vistari, viduara, na mahali pamoja kichwa cha bata. Alisikitika sana kwamba wahuni wamechezea vitabu. Alifuta vyote, vitabu mia tisa na kitu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kidole gumba kikavimba.

Barabara ilipofunguliwa mwezi Machi, wazee wakapanda garini, kila mmoja akafunua mahali pake. Hakuna alama. Akachomoa kingine. Hakuna alama.

"Trevor!" alisema Bibi Hebden, machozi yakimlengalenga. "Vitabu vipya vingi hivi! Miaka yote tuliomba, wewe umekuja tu umetuletea." Akambusu shavuni. Trevor, ambaye hakuelewa lakini hakuwa mtu wa kukataa busu, akasema asante mpenzi.

Msomaji ameshaona mambo yanakoelekea. Doreen hakuona. Doreen alirudi nyumbani na vitabu sita mkobani, akaketi karibu na moto, akaanza cha kwanza. Alipofika sura ya tatu akainua kichwa, macho yamemtoka.

"Cyril," alisema. "Ni dada yake mfamasia."

"Haya."

"Si haya. Nakwambia ni dada yake mfamasia. Sijui nimejuaje. Kitu kimeniambia tu."

Alisoma mpaka mwisho huku viazi vikiungua. Ilikuwa ni dada yake mfamasia. Doreen alitoa ukelele ambao Mavis aliusikia ng'ambo ya ukuta, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani Cyril kaanguka.

"Nimempata!" Doreen alikuwa akimkumbatia Cyril, ambaye alikuwa akijaribu kuokoa viazi. "Mavis, nimempata, sura ya tatu!"

"Bahati," Mavis alisema.

Kitabu cha pili, akampata sura ya pili. Cha tatu, akampata kabla mtu hajafa, jambo lililomshangaza hata yeye. Mpaka mwisho wa Aprili alikuwa amesoma vitabu kumi na kimoja, akawataja wauaji kumi na mmoja. Wenzake nao walikuwa wakipatia zaidi ya kawaida, lakini wao hawakuhesabu, walidhani ni majira mazuri. Doreen alihesabu, na habari zikatoka dukani zikafika kanisani, zikavuka mto mpaka kijiji cha Ottersby ambacho Skelgarth hawakipendi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Doreen alinunua koti la sufu nzito lenye mifuko mingi. Akaanza kutazama viatu vya watu kabla ya nyuso zao. Akiingia buchani kwa Geoffrey Sugden, alisimama kwanza mlangoni na kunyamaza.

"Jana ulikula samaki, Geoffrey."

"Hapana mpenzi. Nilikula nyama. Mimi nauza nyama."

"Ndivyo ulivyotaka nidhani," Doreen alijibu, akanunua soseji nne.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Jumapili jioni, mbele ya televisheni, aliendelea kukosea vilevile kama zamani. Alimshuku mkufunzi wa kinanda, mkufunzi wa kinanda akapigwa risasi. Mavis alimgeukia polepole, biskuti hewani.

"Televisheni ni kitu kingine," Doreen alisema haraka. "Muziki wao unanivuruga."

Basi ikawadia Jioni ya Muuaji. Kila mwaka mwezi Mei, kwenye ukumbi wa kijiji, watu hula pai na njegere huku Mchungaji Philippa Stobbs akionyesha mchezo wa mauaji alioutunga mwenyewe, wa zama za majumba makubwa. Wakati wa mapumziko kila meza hujadiliana na kuandika jina la muuaji kwenye karatasi. Meza ya Ottersby ilikuwa imeshinda miaka mitatu mfululizo na kuchukua kikombe, ambacho si kikombe hasa bali ni birika la chai lililopakwa rangi ya fedha. Mwaka huu hakuna aliyepiga kura ya nahodha. Doreen akafanywa nahodha wa Skelgarth, na Mavis na Cyril wakawekwa mezani pake. Geoffrey wa buchani alimfungia soseji bure, akasema, "Kijiji kizima kinakutegemea wewe, mpenzi." Doreen hakulala vizuri tena, kwa furaha.

Siku mbili kabla ya siku yenyewe alikuwa akisoma kitabu cha kumi na mbili, muuaji akiwa tayari mfukoni, alipofunua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili akakuta doa. Lilikuwa jekundu-kahawia, limekauka, saizi ya sarafu ya pauni moja. Doreen alilisogelea. Alilinusa. Kisha, kwa kuwa mpelelezi hodari hakwepi kazi, aliliramba.

"Cyril. Hii ni jamu yangu."

Ilikuwa jamu ya tufaha na tangawizi, na bondeni kote hakuna mwingine anayeitengeneza, kwa sababu hakuna mwingine anayeipenda. Kesi ya kweli, hatimaye, hapa hapa nyumbani! Mtu fulani alikuwa akila jamu yake na kusoma vitabu vyake. Mwaka jana alimpa Mavis chupa moja. Akavuka mpaka mlango wa pili na koti lake la mifuko.

"Unasoma riwaya kwa siri, Mavis Ormerod."

"Mimi?" Mavis alikuwa amevaa glavu za kuoshea vyombo. "Mara ya mwisho nimesoma ni maelekezo ya mashine ya kufulia."

"Na jamu yangu? Uliila ukiwa na kitabu gani?"

Mavis alivua glavu moja. Akatazama chini. "Sikuila, Doreen. Nilimpa Geoffrey anase panya buchani. Inanasa vizuri sana."

Doreen alirudi nyumbani amekasirika kwa sababu mpya kabisa. Akakiokota kitabu, akakikung'uta kwa hasira, na kadi ikaanguka mapajani. Ilikuwa kadi ya saluni ya mjini: Bibi D. Pickersgill, kuosha na kutia mawimbi, Jumanne saa nne. Mwaka ulioandikwa ulikuwa wa miaka mitatu nyuma.

Alikaa akaitazama. Kisha akafunua ukurasa wa ishirini na saba na kuuinamisha dirishani kwenye mwanga. Rangi ya penseli haikuwepo, ila mkwaruzo ulikuwepo, mfereji mwembamba chini ya namba, uliokandamizwa na mkono wake mwenyewe. Akavichukua vile vingine vilivyokuwa ndani ya nyumba, kimoja kimoja. Mfereji. Mfereji. Mfereji. Alikuwa amevisoma vyote, na Trevor, aliyekaa na gari wiki tano za theluji, alikuwa amezifuta alama. Hakuwa amempata muuaji hata mmoja. Alikuwa amewakumbuka tu, bila kujua anakumbuka, kama mtu anayejisifu kwamba amekisia jina la mume wake.

Alilia kidogo. Ni jambo la kipuuzi kumlilia mtu ambaye hayupo aliyemuua mtu ambaye hayupo, lakini alilia, kwa sababu miezi miwili ile alikuwa ameonekana ana akili, na ilikuwa tamu. Cyril alimletea chai, akaona kadi, akaona vitabu vimepangwa sakafuni, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Waambie," alisema.

"Nitawaambia nini? Geoffrey kanipa soseji!"

Cyril hakuwa na maneno mengine siku hiyo.

Doreen hakuwaambia. Jumamosi jioni ukumbi ulijaa, pai zikatoka, njegere zikamwagwa juu, na meza ya Ottersby ikakaa karibu na jukwaa huku birika la fedha likiwa katikati yao kama mtoto wao. Taa zikazimwa, mchezo ukaanza. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na sita, katika jumba la Bibi mmoja tajiri aliyekunywa maziwa yake ya moto na kuanguka juu ya zulia kistaarabu. Washukiwa walikuwa watano. Geoffrey alikuwa Kanali, mwenye masharubu ya gundi yaliyoanza puani yakamalizikia shingoni. Walikuwepo daktari, mpwa, na dada wa marehemu aliyesahau maneno yake na kuyasoma kwenye kipepeo chake cha kujipepea. Na kwa kuwa kule mchezo bila mwanamume aliyevaa gauni si mchezo, mpishi alikuwa Trevor Gaukroger, mwenye aproni, matiti ya mito, na wigi la nywele za shaba.

Doreen hakucheka masharubu. Alitazama. Kabla ya kifo hicho, Bibi alipowasomea wosia wake sebuleni, Trevor alinyata akasogea mlangoni kusikiliza, watu wakaangua kicheko kwa jinsi matiti yalivyofika kabla yake. Doreen akakunja uso. Mkono wake ukashika mkono wa Cyril chini ya meza na kuubana.

Taa zikawaka. Mapumziko. Mavis akavuta karatasi, akalamba ncha ya penseli. Kutoka meza zote watu wa Skelgarth walikuwa wamegeuza shingo kumtazama nahodha wao.

"Haya, mpenzi," Mavis alisema. "Taja."

Doreen akafungua mdomo, na ukweli ukatoka wote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ya chini: vitabu, kifutio, mfereji, kadi ya saluni. Mavis alisikiliza. Kisha akaanza kutikisika. Alicheka hadi njegere ikampalia na Cyril akampiga mgongoni.

"Kumi na kimoja!" Mavis alifuta machozi. "Na lile koti ukanunua!"

"Usinicheke. Tutafanyaje? Ottersby wanatutazama."

Mavis akaacha kucheka. Wazo lilikuwa limemwingia, na kwa Mavis mawazo huingia kwa kishindo. "Ngoja. Wewe hujapatia hata siku moja, si ndiyo?"

"Asante sana."

"Sikutukani, nakuheshimu. Miaka arobaini! Hakuna mtu anayeweza kukosea miaka arobaini kwa bahati. Ukimtaja mtu, hana hatia. Ni kitu cha uhakika kuliko polisi. Basi tutaandika majina matano. Wewe taja yule moyo wako unayemshuku, tumfute. Taja wa pili, tumfute. Atakayebaki ndiye."

Doreen alitazama sahani yake. "Wa kwanza ni mpishi."

"Unamwonea Trevor kwa ajili ya kifutio chake."

"Si Trevor, ni mpishi! Mavis, ameacha maziwa motoni. Alisema mwenyewe, 'maziwa yako motoni, Bibi', halafu akaja kusimama mlangoni dakika nzima. Mpishi wa miaka thelathini haachi maziwa motoni hata nyumba ikiungua. Yule si mpishi. Yule ni mtu mwingine kaja na aproni."

Hata Mavis alisita, penseli hewani. Cyril alikuwa akimtazama mke wake.

"Una hakika?" Mavis aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali baya. Doreen alijitafuta ndani, akakuta hakika yote ipo, kubwa, ya moto. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa na hakika hiyo hiyo kwa shangazi wa mbwa, na kwa mkufunzi wa kinanda, na kwa mtunza bustani. Hakika kwake haikupungua kamwe. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama, nao hawakuja kuona hakika yake. Walikuja kulichukua birika.

"Nina hakika kabisa," alisema kwa huzuni. "Nipe penseli."

Akamfuta mpishi kwa mkono wake mwenyewe. Akamfuta daktari, akamfuta mpwa, akamfuta dada mwenye kipepeo. Akabaki Kanali. Mavis akaandika Kanali kwa herufi kubwa kwenye karatasi safi, akaikunja, akaipeleka jukwaani akitembea kama mshindi.

Sehemu ya pili ilikuwa fupi. Askari aliingia, Kanali akapiga chafya na masharubu yakatua ndani ya pai ya mtu wa meza ya mbele, na watu walipotulia askari akanyoosha kidole. Trevor akavua wigi. Mpishi hakuwa mpishi. Alikuwa binamu aliyenyimwa urithi.

Mchungaji Philippa akapanda jukwaani na karatasi mkononi. "Meza moja tu imepatia," alisema. "Ottersby!" Ukumbi ukaguna. "Ottersby, mliona dalili gani?"

Nahodha wa Ottersby alisimama. "Tulitia majina kwenye kofia," alisema, "tukachomoa."

"Oh." Mchungaji alionekana kuumia. "Kwa hiyo hakuna? Hakuna hata mtu mmoja aliyeona maziwa? Wiki tatu nimehangaika na yale maziwa."

Kiti kikaanguka. Doreen alikuwa amesimama. Uso wake wote uling'aa kwa furaha, na mikono ilikuwa juu kama ya mtoto darasani.

"Mimi! Mimi niliona maziwa! Nilijua! Nilijua kabisa!"

Watu wakatazamana. Geoffrey, bila masharubu, akasema kwa upole, "Lakini mpenzi, mmeandika Kanali. Mmeandika mimi."

"Nilijua," Doreen alisema tena, na sauti ikaanza kupungua, kwa sababu aliona wanavyomtazama, kwa ile huruma wanayopewa wazee. Kila mtu hujua baada ya kuambiwa. Akamgeukia Mavis. "Mavis. Sema."

Mavis alikuwa akisoma kitambaa cha meza. Kusema kulikuwa na gharama yake. Ingebidi Skelgarth yote ijue ni nani aliyeigeuza meza yao kuwa kichekesho cha Ottersby, na Mavis Ormerod, asiyekosea, angekuwa amekosea mbele ya watu themanini. Alifikiria kujifanya amepaliwa tena. Kisha akamwona Doreen alivyosimama, mikono haijashuka.

Mavis akasimama.

"Alisema mpishi," alisema, na uso ukawa mwekundu kuliko kibanda cha simu. "Kabla ya mtu yeyote. Akataja na maziwa. Mimi ndiye niliyemwambia tumfute." Akaiinua ile karatasi ya majina yaliyofutwa, wa kwanza akiwa mpishi. "Tumelikosa birika kwa ajili ya akili yangu. Yeye alikuwa sahihi."

"Nami nilisikia," alisema Cyril, na ukumbi ukashtuka kumsikia.

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, halafu wengine, na Mchungaji Philippa alipiga kwa nguvu kuliko wote. Ottersby walikuwa tayari wamelibeba birika wanaelekea mlangoni. Doreen hakuliona hata kidogo. Machozi yalikuwa yakimtiririka, alimshika Mavis mabega yote mawili asije akakaa.

"Sema tena, mpenzi," alisema. "Sema kwa sauti. Wale wa mlangoni hawajasikia."